Amplifaya ya Kijapani ya 1979: chaneli ya kushoto imeua transista mara mbili. Nianzie wapi?

Shoto_Kulia

Heshima kwenu wakuu. Nina amplifaya ya Kijapani ya mwaka 1979, wati 70 kila upande kwenye spika za omu 8. Ndani kuna transfoma moja kubwa, kapasita mbili za 10,000 µF 50 V, na kila chaneli ina transista mbili za mwisho za chuma, zile za umbo la TO-3. Asili yake zilikuwa 2SC1116 na 2SA747. Mchoro wa sakiti ninao. Unaonyesha +44 V na −44 V kwenye laini kuu, lakini mita yangu inasoma 48.5 V pande zote mbili.

Chaneli ya kushoto ilianza kupata moto kuliko ya kulia hata bila muziki, kisha transista za mwisho zikapiga shoti. Zikafungwa 2N3055 na MJ2955 kwa sababu umbo ni lile lile na matundu yanalingana. Kwa sauti ndogo ilipiga safi. Sauti ilipopandishwa, zikafa zote mbili ndani ya dakika kumi. Sasa rilei ya spika (swichi inayounga spika na amplifaya) haibani kabisa na chaneli zote mbili ziko kimya.

Nimeshauriwa niweke 2SC5200 na 2SA1943. Zitafaa? Je, nikiiruka rilei na kuunga spika moja kwa moja, kuna ubaya gani? Na maadamu nimeshaifungua, nafikiria kuweka kapasita za 22,000 µF ili besi iwe nzito. Swichi ya nyuma ya kuchagua umeme iko kwenye 220, na umeme wa ukutani unasoma 243 V.

---

Fundi_Makini

Mkuu, usinunue transista yoyote bado. Transista za mwisho zikifa mara mbili upande ule ule, ujue kilichoziua bado kimo ndani na hakijaguswa. Ukiweka mpya, hata ziwe bora namna gani, zitafuata wenzake.

Kwanza hiyo swichi ya nyuma. Chomoa waya ukutani, kisha ipeleke kwenye 240. Umeme wa 243 V ukiingia kwenye waya za 220, kila kitu ndani kinapanda kwa asilimia 10 na ushee. Ndiyo maana 44 V imekuwa 48.5 V. Kapasita zako zimeandikwa 50 V na zina zaidi ya miaka arobaini. Usiku umeme ukipanda kidogo tu zimefika mwisho wa uwezo wake. Ukihamisha swichi utapata kama 44.6 V, na transfoma yenyewe itapoa.

Sasa 2N3055. Hiyo transista uwezo wake kati ya kolekta na emita (ncha mbili kati ya tatu za transista, ya tatu ni bezi) ni 60 V tu, na MJ2955 vivyo hivyo. Amplifaya ikiwa imetulia, kila moja inabeba 48.5 V, kwa hiyo inavumilia. Muziki unapoivuta laini ya spika kwenda juu kwa 11.5 V, ile ya upande wa pili inabeba 60 V. Kwenye omu 8 hiyo ni kama wati 8. Ukivuka hapo unaitesa, na ukikaribia wati 70 inabeba zaidi ya 80 V. Sauti ndogo iliiacha hai na sauti kubwa ikaiua, kama ulivyoona. Hiyo inaeleza kifo cha pili. Kifo cha kwanza bado hatujakieleza, na ule moto bila muziki ndio dalili ya kufuata.

Rilei kutobana si ugonjwa, hiyo ni kinga inafanya kazi. Kinga ni moja kwa chaneli zote mbili. Ikiona volti za DC (umeme wa upande mmoja usiogeuka) kushoto, inazuia na kulia.

Utaratibu wa kupima uwe huu. Chomoa umeme, kisha mwaga chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya 1 kΩ 5 W, dakika nzima kwa kila kapasita. Usitumie bisibisi: cheche ile hula nati za kapasita na inaweza kuchoma njia za shaba kwenye bodi. Thibitisha kwa mita kwamba imebaki chini ya volti moja.

Toa transista za mwisho za kushoto. Weka mita kwenye alama ya daiodi. Transista nzima inasoma 0.5 hadi 0.7 kutoka bezi kwenda emita na kutoka bezi kwenda kolekta kwa upande mmoja, ukigeuza waya haisomi kitu, na kati ya kolekta na emita haisomi kitu kwa pande zote. Usiishie hapo. Transista ya mwisho ikipiga shoti, ni nadra kufa peke yake. Inaondoka na draiva yake (transista ndogo inayoisukuma), rezista ya emita (ile nyeupe ya saruji, 0.22 au 0.33 Ω), rezista ndogo ya bezi, na wakati mwingine transista inayotangulia draiva. Draiva zitoe kwenye bodi ndipo uzipime, maana zikiwa ndani njia nyingine hudanganya mita. Unapopima 0.33 Ω, gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe kwa zenyewe. Nyingi husoma 0.2 au 0.3, hiyo toa kwenye jibu.

Kabla hujawasha tena, tengeneza balbu ya mfululizo: balbu ya zamani yenye waya ndani, wati 60 au 100, iungwe kwenye waya wa moto unaoingia kwenye amplifaya. Za LED hazifai kabisa kwa kazi hii. Balbu ikiwaka kwa nguvu sekunde moja au mbili kisha ikafifia hadi wekundu hafifu, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka, zima, kuna kitu kinanyonya umeme. Balbu ndiyo itakayobeba mzigo huo badala ya transista zako. Spika zisiwepo, na tundu za kuingiza sauti zifunge kwa plagi ya RCA iliyounganishwa katikati na ganda.

Tuletee vipimo vya kulia pia. Upande wa kulia ni mzima, basi ndio rula yako.

---

BiLehemu

Naongezea pale alipoishia Fundi, kwenye ule moto bila muziki. Hapo ni bayasi.

Kati ya bezi za draiva mbili kuna kitu kinachoshikilia volti kadhaa, kwa kawaida kati ya 2.0 na 2.5 V, ili transista za mwisho zifunguke kidogo tu hata kukiwa kimya. Volti hizo zikizidi kwa robo ya volti, mkondo unaruka mara nyingi. Zaidi ya hayo, silikoni ikipata joto inahitaji volti ndogo zaidi, kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kwa hiyo kipimio cha bayasi lazima kiguse hitisinki (chuma cha kupoza transista) kisikie joto lile lile na kujishusha. Kikiachia, au kikifa, transista zinajipasha: mkondo unaleta joto, joto linaleta mkondo, hadi zinapiga shoti.

Angalia kuna nini kwenye hitisinki ya kushoto. Kuna mifumo miwili. Wa kwanza ni transista ndogo yenye trima (rezista ndogo ya kuzungusha). Hapa volti za bayasi ni 0.6 V × (1 + R1/R2), ambapo R1 ni rezista ya kolekta hadi bezi na R2 ni ya bezi hadi emita. Ikiwa trima imewekwa upande wa R1 na kidole chake cha ndani kikakatika, transista ya bayasi inazima na za mwisho zinafunguka kwa nguvu zote. Ikiwa upande wa R2, kidole kikikatika bayasi inashuka, sauti inakwaruza kidogo, lakini hakuna kinachoungua. Bodi nyingi za zamani ziliweka upande wa R1. Kuihamishia R2 ni mabadiliko ya rezista mbili tu, na kwangu ndiyo maboresho ya kwanza ambayo amplifaya ya umri huu inastahili. Trima upande wa R2 iwe na rezista ya kudumu mfululizo, ili hata ukizungusha hadi mwisho R2 isiwe sifuri.

Mfumo wa pili ni kidude chenye miguu miwili, ndani yake daiodi kadhaa zimefungwa pamoja. Kimeandikwa STV-3H, VD1212 au majina ya jamii hiyo. Hivi ndivyo vinavyochoka. Tuambie una kipi.

Trima za kaboni zilizo wazi zibadilishe zote, pande mbili. Chukua za mizunguko 25, kama Bourns 3296.

Jambo jingine la kutazama kwa macho, chukua tochi: gundi ya kahawia chini ya kapasita na kando ya rezista. Ilikuwa ya krimu au njano ilipowekwa kiwandani. Ikishapikwa na joto inakuwa kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Ikwangue kwa kijiti cha mbao, safisha kwa spiriti, na mguu wowote uliokuwa mweusi au wa kijani ubadilishe kipuri kizima.

---

Mzee_wa_Sakiti

Kuhusu 2SC5200 na 2SA1943: ni transista nzuri, 230 V, ampea 15, wati 150. Lakini ni za kasi, megahezi 30, na umbo lake ni la plastiki. Utatoboa hitisinki upya na kuvuta waya kutoka mahali pa TO-3 hadi ilipo. Waya huo mrefu kwenye bezi, pamoja na transista ya kasi, ndio mwanzo wa amplifaya kupiga mluzi usiosikika: inazungusha umeme kwenye mamia ya kilohezi au megahezi, spika kimya, hitisinki inachemka. Vijana wengi huishia hapo wakidhani transista ni feki.

Kwa sakiti hii tafuta TO-3 zinazoingia kwenye matundu yale yale. MJ21194 (NPN, ya upande wa +) na MJ21193 (PNP, ya upande wa −) ni 250 V, ampea 16, wati 250. MJ15003 na MJ15004 ni 140 V, ampea 20, wati 250, zinatosha kwa laini za 45 V. Mimi ningechagua zile za kwanza kwa sababu MJ15003 ni ya polepole mno. Ucheleweshaji nao una madhara: ishara ya mrejesho (sehemu ya sauti inayorudishwa mwanzoni ili amplifaya ijirekebishe) inachelewa, na amplifaya iliyokuwa imetulia inaanza kutikisika. Badilisha chaneli zote mbili ili ziwe sawa. Usichanganye.

Iwe umechagua ipi, hakikisha mambo matatu haya yapo. Rezista ya 2.2 hadi 4.7 Ω iliyolehemiwa karibu kabisa na mguu wa bezi wa kila transista ya mwisho. Kwenye laini ya spika kuelekea ardhi, rezista ya 10 Ω ikifuatana na kapasita ya 0.1 µF ya filamu, 100 V au zaidi. Rezista hiyo isiwe ya waya uliozungushwa, maana yenyewe inakuwa koili. Na kile kikapasita kidogo cha makumi ya pikofaradi kwenye transista inayokuza volti, usikitoe wala kukipunguza, hata ukiambiwa sauti itafunguka.

Huna osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme)? Iguse ile rezista ya 10 Ω baada ya dakika mbili bila muziki. Inapaswa kuwa baridi. Ikiwa moto au imeungua rangi, kuna mtikisiko. Sogeza pia redio ndogo ya mawimbi ya kati karibu na bodi: ikivuma au ikikwaruza kila unapowasha chaneli ile, umepata jibu.

Feki zipo nyingi, na lebo haisemi kitu. Kuna kipimo rahisi kwa mwenye amplifaya iliyo wazi. Kati ya laini ya + na laini ya − una karibu 90 V. Chukua transista mpya, bezi yake iache hewani. Kolekta iunge kwenye + kupitia rezista ya 47 kΩ, emita kwenye −. Kwa PNP geuza. Pima volti kati ya kolekta na emita. Ya kweli ya 140 V au 250 V itabeba karibu zote 90. Ikisimama kwenye 65 au 70, mfuko umebeba transista ndogo iliyoandikwa upya. Rezista inazuia mkondo usizidi miliampea 2 (90 V kugawa kwa 47 kΩ ni 1.9 mA), kwa hiyo transista haifi kwa kipimo hiki. Wewe lakini unaweza kuumia: 90 V ya DC ni hatari. Unga kila kitu umeme ukiwa umezimwa na chaji imemwagwa, tumia koleo za mita, mikono mbali.

---

Omu_Nane



Sasa rilei na kapasita, ambazo hazijajibiwa.

Rilei usiiruke, mkuu. Transista ya mwisho ikipiga shoti, 45 V nzima ya DC inaingia kwenye spika ya omu 8. Hiyo ni wati 250 zisizo na mdundo, zinachemsha koili mahali pamoja. Wufa (spika ya besi) inaungua ndani ya sekunde chache, na wufa ya zamani kuipata leo ni kazi kuliko transista. Ikiwa shida ni rilei inayokata sauti upande mmoja hadi upandishe sauti, hizo ni ncha zake zimeota kutu. Funua kifuniko, loweka ukanda wa karatasi ngumu kwenye spiriti, ubane kati ya ncha kwa kidole na uvute mara kadhaa hadi utoke msafi. Msasa hapana: unakwangua ule upako mwembamba na baada ya mwezi inarudi mbaya zaidi. Ikiwa ncha zina mashimo, weka rilei mpya ya koili 24 V (soma kwanza koili ya zamani imeandikwa ngapi) na ncha za ampea 10.

Ukinunua rilei yenye ncha tatu kila upande, kuna maboresho ya maana. Ncha ya katikati iende kwenye spika, ile inayoguswa wakati rilei imebana itoke kwenye amplifaya, na ile inayoguswa wakati imeachia iende ardhini. Sababu: rilei inapoachia 45 V ya DC yenye ampea tano, cheche inaweza kuendelea kati ya ncha kama ya kuchomelea vyuma, na umeme unaendelea kwenda kwenye spika. Ncha ya tatu ikiwa ardhini, cheche ile inaishia ardhini na fyuzi inakata.

Kapasita za 22,000 µF: hapana haja. Angalia hesabu. Kwa mkondo wa ampea 1 kwenye umeme wa hezi 50, mawimbi yanayobaki juu ya laini ni kama volti 1 kwa 10,000 µF, na 0.45 V kwa 22,000. Nusu volti kwenye 45 V hutaisikia kama besi. Utakachopata ni mshtuko mkubwa kila unapowasha: swichi ya mbele inaungua ncha, na daraja la daiodi la 1979 linabeba kilele ambacho halikukusudiwa. Weka 10,000 hadi 15,000 µF, 63 V au 80 V, 105 °C. Pima kwanza kipenyo na umbali wa miguu, maana mpya ni fupi na nyembamba na utahitaji pete ya kuzishika. Daraja la daiodi libadilishe kwa la ampea 25 au 35, 400 V, lililofungwa kwenye chuma cha chini na grisi ya joto. Ukitaka kuwa mwema kwa swichi, weka kidhibiti cha NTC (rezista ambayo omu zake hupungua ikipata moto) cha 10 Ω 5 A kwenye upande wa 240 V wa transfoma. Kinapata moto kikifanya kazi, kwa hiyo kikae mbali na waya na plastiki.

Besi iliyopotea kwenye amplifaya hizi mara nyingi iko mahali padogo kabisa: kapasita ya mrejesho. Iko mfululizo na rezista ya mia kadhaa za omu kwenda ardhini. Kwa 470 Ω na 100 µF, besi inaanza kupungua kwenye 3.4 Hz, hakuna anayeisikia. Ikikauka hadi 5 µF, inaanza kupungua kwenye 68 Hz. Hapo besi yote ya ngoma na gitaa imeliwa. Weka mpya ya 220 µF 25 V, ile isiyo na upande wa + na −, kazi kwisha. Kapasita ya kuingiza sauti iwe filamu ya 2.2 µF. Zile ndogo zilizosimama karibu na rezista za moto nazo zibadilishe bila hata kuzipima.

---

Shoto_Kulia

Asanteni sana wakuu. Nimehamisha swichi, sasa laini zinasoma 44.7 V. Vipimo vya kushoto ni hivi. Transista zote mbili za mwisho zina shoti kati ya kolekta na emita. Rezista moja ya emita ya 0.33 Ω imekatika. Draiva ya NPN haisomi kitu kati ya bezi na emita. Draiva ya PNP nzima.

Dada BiLehemu, kwenye hitisinki kuna kidude cha miguu miwili, kimeandikwa STV-3H. Kwenye mita alama ya daiodi hakisomi kitu, lakini hata cha kulia hakisomi kitu. Kwenye mchoro kiko mfululizo na trima ya 470 Ω.

---

BiLehemu

Mita yako inatoa volti ndogo kuliko zinazohitajika. STV-3H ni daiodi tatu ndani, inahitaji karibu 1.8 V kufunguka, na mita nyingi haziwezi kuonyesha zaidi ya 1.5 au 2 kwenye alama hiyo. Chukua betri ya 9 V na rezista ya 4.7 kΩ mfululizo, pitisha umeme kwenye kidude kikiwa nje ya bodi, pima volti zake. Kizima kinasoma kati ya 1.7 na 2.0 V. Kilichokatika kinasoma 9 V.

Kwa mfumo wako, trima ikiwa mfululizo na daiodi, kukatika kwa chochote kati ya viwili hivyo kunafungua transista za mwisho zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo nadhani kifo cha kwanza kilipotokea.

Badala yake, 1N4148 tatu mfululizo zinatosha. Zipange bega kwa bega, miguu fupi, zivishe mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha zibane kwenye hitisinki pale pale pa zamani, kwa klipu au epoksi, ukipaka grisi ya joto kidogo. Zisiguse chuma kwa miguu yake. Zikining'inia hewani, umerudi ulikotoka. Fanya na kulia hata kama chake kingali kizima, kwa sababu kina umri ule ule.

Trima: weka ya 500 Ω ya mizunguko 25, na sambamba nayo rezista ya kudumu ya 220 Ω. Kwa pamoja utapata kati ya 0 na 150 Ω hivi. Ikitokea kidole cha trima kikaachia, 220 Ω inabaki njiani. Transista zitapata moto wa kuungua kidole, lakini hazitafunguka zote kama sasa. Kabla ya kuwasha, izungushe hadi mita isome omu chache kabisa kati ya ncha zake. Kwa mfumo huu omu ndogo ndiyo bayasi ndogo, kinyume na ule wa R2 nilioeleza juu.

---

Shoto_Kulia

Kimepatikana. STV-3H ya kushoto inasoma 9 V, ya kulia 1.82 V. Nimeweka 1N4148 pande zote, trima, draiva mpya zote mbili za kushoto, rezista za emita na kapasita ya mrejesho. Za mwisho bado sijafunga. Nataka kujua kwanza kama nyuma kumetulia. Napimaje bila transista za mwisho?

---

Fundi_Makini

Umefikiria vizuri. Tazama mchoro: emita za draiva zinaishia wapi? Ikiwa kila moja ina rezista yake kwenda laini ya spika, washa tu na balbu, mrejesho umekamilika. Ikiwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa rezista moja isiyogusa laini ya spika, lehemu kwa muda 100 Ω kutoka emita ya kila draiva hadi laini ya spika. Bila hivyo amplifaya haioni inachokitoa na itaganda kwenye + au − 44 V, utadhani ina ugonjwa mwingine.

Pima DC kwenye laini ya spika kabla ya rilei. Chini ya milivolti 30 ni safi, hadi 50 inakubalika. Ikizidi 100, jozi ya transista za mwanzo haifanani tena. Hapo weka KSA992 mbili (au KSC1845 ikiwa jozi ni NPN) zilizochaguliwa kwa mita zikikaribiana ndani ya asilimia 5, na uzigandishe uso kwa uso ili zipate joto moja. Angalia mpangilio wa miguu kabla ya kulehemu: hizi bezi iko pembeni, na si kila transista iko hivyo.

Kisha funga za mwisho. Ganda la TO-3 ndiyo kolekta, lina 44 V, kwa hiyo karatasi ya maika (inayozuia umeme kati ya ganda na hitisinki) iwe nzima. Grisi pande zote mbili za maika, nyembamba kiasi cha kuona maika kupitia kwake. Kaza skrubu mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, la sivyo ganda linapinda. Kabla ya umeme, pima kati ya ganda na hitisinki: mita isisome kitu. Ikisoma hata kilo-omu kadhaa, fungua, kuna chembe ya chuma imetoboa maika.

---

Shoto_Kulia

DC ya kushoto bila transista za mwisho: 22 mV. Nimefunga MJ21194 na MJ21193 chaneli zote, zimepita kipimo cha 90 V. Balbu imewaka ikafifia. Bayasi niweke ngapi?

---

Omu_Nane

Weka ncha za mita kutoka emita moja hadi nyingine, yaani juu ya rezista zote mbili za 0.33 Ω. Lenga 20 mV. Hiyo ni 10 mV kwa kila rezista, kama miliampea 30, na kila transista inatoa joto la wati 1.3 ikiwa imetulia. Mchoro ukitaja namba nyingine, fuata mchoro.

Kwa balbu panda hadi 8 au 10 mV tu, uone kwamba inatii trima na haitembei yenyewe. Balbu inashusha laini, kwa hiyo namba ya mwisho usiiweke ukiwa nayo. Zima, itoe, weka fyuzi za ukubwa ulioandikwa kwenye bodi, washa tena. Weka 15 mV ikiwa baridi, rudisha kifuniko juu bila skrubu, subiri dakika 30, ndipo upandishe hadi 20. Ipige muziki wa nguvu robo saa, zima muziki, pima tena papo hapo. Ikisoma 25 au 28 kisha ikashuka kuelekea 20 ndani ya dakika chache, daiodi zako zinasikia joto sawasawa. Ikiendelea kupanda wakati muziki umezimwa, zima haraka: daiodi hazijagusa hitisinki vizuri.

---

Mzee_wa_Sakiti

Na usisahau kugusa ile rezista ya 10 Ω, kushoto na kulia.

---

Shoto_Kulia

Rezista za 10 Ω baridi zote mbili, na redio ya mawimbi ya kati haivumi. Bayasi baada ya nusu saa: kushoto 20.4 mV, kulia 19.8. Baada ya muziki wa nguvu kushoto ilisoma 26, ikarudi 21 kwa dakika nne. DC kwenye spika 18 mV kushoto, 11 kulia. Rilei inabana baada ya sekunde nne. Hitisinki za pande mbili zina joto moja kwa mkono.